Tingatinga Huja Mwisho, Treni Hutangulia Kuondoka

Umeona zile video za ghala la mbao likiangushwa Kanada? Tingatinga linasukuma, jengo linainama polepole, kisha vumbi. Wazee wanafuta machozi. Mimi pia nilidhani tingatinga ndilo muuaji. Wapi!

Miaka ya 1930, nyanda za ngano za Kanada zilikuwa na maghala zaidi ya 5,000, yamepangwa kando ya reli kila kilomita kumi na kitu hivi. Mkulima alileta ngano kwa mkokoteni wa farasi na ilibidi arudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ndani, mkanda wenye vikombe uliipandisha ngano hadi juu, ikateremka yenyewe ndani ya behewa. Treni ikija inaacha mabehewa matupu, inabeba yaliyojaa.

Sasa fuata pesa. Tangu mkataba wa 1897, nauli ya nafaka kwenye reli ilibanwa isipande. Baadaye serikali ikawa inazilipa kampuni za reli ruzuku, hadi ilipoiondoa 1995. Sikumaliza chuo, lakini hesabu hii haitaki digrii: mbona treni isimame vijiji kumi kuokota mabehewa mawili matatu, na ghala moja kubwa la saruji linajaza mabehewa 100? Njia ndogo zilikuwa zimeshaanza kufungwa, sasa zikang'olewa kwa kasi. Ghala bila reli ni sanduku tu la kulipiwa bima na kodi. Hapo ndipo tingatinga likaitwa.

Gharama haikupotea, bana. Ilihamia kwa mkulima anayeendesha lori mbali zaidi, na kwa mji mdogo uliopoteza kodi ya ghala ukabaki na barabara zilizochakaa.

Mbona nakuchosha na Kanada? Kwa sababu reli yetu ilifika Kitale 1926, ikipitia panapoitwa leo Moi's Bridge, ikibeba nafaka. Kisha ikaachwa miaka mingi, nyasi zikaificha. Ukarabati ulipotangazwa, sisi wa Nairobi hata hatukugeuka. Silo za NCPB bado zimesimama, malori yamepanga foleni, na kila msimu tunabishana bei ya gunia. Nauli ya hilo gunia kutoka Trans Nzoia mpaka kiosk yako ya Kayole unailipa wewe, ndani ya pakiti ya unga, na sijasikia mwanasiasa hata mmoja akiulizwa juu yake.