Shosho Alitoa Siri ya Dawa, Akaachiwa Soda

Wasee, leo nitakosana na watu wa maabara, na ni sawa tu.

Idara za famakolojia kwa vyuo vyetu zinapenda sana miti ya kienyeji. Mwanafunzi wa masta anapanda matatu hadi ushago, anakaa na shosho anayejua dawa, anaandika yote: ni mti gani, ni gome ama mizizi, inachemshwa vipi, anapewa nani. Anabeba gome kwa mfuko. Asante sana shosho, shika soda, kwaheri. Gome linakaushwa, linasagwa, panya wanapewa, grafu zinachorwa, jamaa anavaa joho. Tasnifu inaenda kulala maktabani, tena kwa Kiingereza ambacho hata mimi nakisoma nikitoa jasho. Shosho hajawahi kuambiwa hata "tulipata hivi."

Najua mnafikiria nataka kuongea pesa. Hadithi za pesa zipo na ni za kweli. Mwarobaini, huu huu wetu wa Pwani, kampuni ya W.R. Grace na serikali ya Marekani walipewa hataza yake Ulaya mwaka 1994, ya dawa ya kuua kuvu. Wanaharakati wakaipigania mpaka ikafutwa 2000. Wasan wa kusini mwa Afrika wametafuna hoodia kutuliza njaa tangu enzi za mababu. Taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini ikachukua hataza bila kuwauliza, na mkataba wa kugawana faida ukakuja 2003, baada ya kelele. Hapa kwetu Katiba yenyewe, Kifungu cha 11, inataka jamii zilipwe utamaduni wao ukitumika, na sheria ya kulinda maarifa ya jadi tunayo tangu 2016.

Lakini tuambiane ukweli: magome mengi ya ushago hayageuki mabilioni, yanageuka tasnifu. Deni kubwa ni majibu.

Chukua muthiga. Watu wanatafuna gome lake kwa kikohozi na maumivu ya meno, na sokoni Nairobi unauzwa wazi. Swali la kipimo gani kinaanza kuumiza ini, ama kama dawa ya mti inagombana na ARV au tembe za presha, ndiyo kazi hasa ya famakolojia. Sasa tuseme ini la panya limeharibika kwa kipimo cha juu. Nani anafaa kujua kwanza, mtahini wa nje ama huyu mama anayewachemshia majirani kila wiki? Mkinyamaza, wanaendelea kunywa. Hapo siwezi kuita utafiti huduma kwa jamii, pole.

Halafu kuna hii ya methanoli. Tasnifu kibao zinatoa kemikali za mti kwa methanoli, na shosho anachemsha kwa maji. Methanoli inavuta vitu ambavyo maji hayavuti. Kwa hivyo ukisikia "sayansi imethibitisha," mara nyingine imethibitisha kitu ambacho shosho hajawahi kumpa mtu yeyote maishani.

Ati mnafanya siku ya jamii? Nimeziona. Hema, tisheti, dawa za minyoo, kupimwa presha, picha kumi na tano za mgeni wa heshima. Presha kupimwa ni poa, sikatai. Ila hiyo ni sadaka, na shosho alikuwa anadai ripoti.

"Hakuna bajeti ya kurudi." Ya kwenda ilitoka wapi?

Mimi naona idara isimpitishe mtu kabla hajarudi alikotoa gome, na ukurasa mmoja wa Kiswahili ama lugha ya pale: tulichopata, kipimo cha kuogopa, nani asipewe. Kama barabara ni mbaya, redio za lugha za mama zimejaa, na wazee husikiza kuliko tunavyosikiza wahadhiri.

Komredi wa famasia unayesoma hii na pendekezo lako liko kwa meza ya msimamizi: nauli ya kurudi umeiandika ukurasa gani?