Mikono ya Mama: Mpini wa mbao kwa apareyi ya foto



Juma hili tunajibu swali la mama mmoja wa Kadutu ambaye kazi yake ni kupiga foto kwenye arusi, ubatizo na sikukuu za shule. Apareyi yake ni ile ndogo nyeusi, laini kama sahani iliyooshwa, isiyo na mahali pa kushika upande wa mbele. Anasema arusi ikiendelea sana, watu wakiwa bado wanacheza na kutoa zawadi, vidole vyake vinakufa ganzi na kidole gumba kinauma mpaka kwenye kiwiko cha mkono. Mara mbili imemteleza, na kamba ndiyo iliyoiokoa. Tena apareyi hiyo bado haijawa yake kabisa. Aliinunua kwa zamu yake ya likelemba, na wenzake wanangojea zamu zao. Ikianguka kwenye sima, deni litabaki na chombo cha kulilipa kitakuwa kimekwenda. Anauliza: afanye nini na huo mkono?

Kwanza, mkono unaouma hata usiku, au unaovimba, upelekwe kwa muganga. Lakini ukiuma siku za kazi tu, mara nyingi kosa si la mkono. Fikirini jembe. Hakuna mama anayelima ambaye angekubali mpini wowote tu. Ukiwa mwembamba mno unaubana kwa nguvu mpaka mkono unachoka. Ukiwa mnene mno vidole havikutani. Mpini mbaya tunautambua kwa malengelenge ya siku ya kwanza, na jioni hiyohiyo tunautafutia dawa. Apareyi nayo ilitengenezwa kiwandani kwa kupima mikono ya watu wengine. Kwa nini tuiache ilivyo?

Mpini wa apareyi unauzwa katika miji mikubwa, lakini kuupata hapa Bukavu kwa aina moja hasa ya apareyi ni shida. Kuutengeneza kwa mbao kunawezekana kwa mtu ambaye hajawahi kushika randa. Mbao si kitu kigeni kwa kazi hii: apareyi za kwanza duniani zilikuwa masanduku ya mbao.

Jinsi kitu chenyewe kilivyo: ni vipande viwili tu. Kimoja ni kibao bapa kinachokaa chini ya apareyi, chenye urefu na upana wa tumbo lake. Cha pili ni kijiti kinene kinachosimama mbele, upande wa mkono wa kuume, na hicho ndicho vidole vinakizunguka. Visi moja inapita katikati ya kibao na kuingia kwenye lile tundu lenye nyuzi lililo chini ya apareyi, tundu la kufungia miguu mitatu. Hakuna kutoboa apareyi wala kubandika kitu juu yake. Siku ukitaka, unafungua na yote yanatoka.

Anzeni na udongo, msianze na mbao. Chukueni udongo wa mfinyanzi ulio laini lakini hauganduki mkononi, au ile pate ya watoto ya kuchezea. Funikeni apareyi kwa karatasi ya plastiki, bandikeni tonge la udongo mahali vidole vinapokaa, kisha mshike kama mnapiga foto kweli: kidole cha shahada juu ya kitufe, kidole gumba nyuma, vingine vitatu mbele. Kaeni hivyo mkihesabu mpaka mia moja. Mkono ukianza kubana, udongo ni mwembamba, ongezeni. Vidole visipofika kukunjika, punguzeni. Mkisikia mkono umepumzika na apareyi haitaki kuanguka hata mkilegeza, hicho ndicho kipimo. Acheni udongo ukauke, ndio utakuwa mfano wenu mbele ya macho wakati wa kuchonga.

Hapa kuna jambo la kujadili pale ambapo apareyi ni ya kundi zima. Mpini uchongwe kwa mkono wa nani? Mimi nasema kwa mkono mdogo kuliko yote. Mwenye mkono mkubwa ataushika mpini mdogo bila shida kubwa, lakini mwenye mkono mdogo hatafika kwenye kitufe akipewa mpini mnene. Kwa sababu hiyohiyo msichonge mifereji mirefu ya kila kidole. Inapendeza kwa macho, ila inamfaa mtu mmoja tu, na hata yeye mkono wake unahama akigeuza apareyi kusimama wima. Uviringo mmoja mpole unatosha.

Mbao msinunue. Atelye yoyote ya seremala ina vipande vilivyobaki vya kuwashia moto. Ombeni kipande cha libuyu kilichokauka: kinakatika vizuri, hakipasuki ovyo, na rangi yake inapendeza. Mti mbichi msiuchukue hata mkipewa bure, kwa maana ukikauka utajikunja na visi italegea. Wenge, ule mti mweusi, na muvula pia, mimi ningeviacha. Ni miti mizuri na migumu, lakini unga wake unawasha ngozi na kubana kifua kwa watu wengi, na kibanzi cha wenge kikiingia kidoleni hakiponi upesi.

Na unga wa mbao, wa mti wowote, si wa kupuuza. Wataalamu wa saratani wa shirika la afya la dunia waliuweka tangu 1995 kati ya vitu vinavyojulikana kuleta saratani ya pua kwa watu wanaouvuta miaka mingi kazini. Mpini mmoja hauwezi kulinganishwa na miaka ya atelye, lakini fanyeni kazi ya msasa nje, mkiwa mmefunga kitambaa puani, na mtoto asiwe mgongoni. Hilo la mwisho nalisisitiza, sababu tumezoea kufanya kila kazi na mtoto mgongoni. Uso wake uko karibu na mikono yenu kuliko mnavyodhani.

Sasa tuje kwenye visi, maana hapo ndipo apareyi nyingi zinaharibikia. Tundu la chini la apareyi karibu zote ni la robo inchi, lenye nyuzi 20 kwa kila inchi. Kwa milimita ni upana wa 6.35. Kenkayeri zetu zimejaa visi za milimita 6. Kwa macho zinafanana kabisa, na mwuzaji atawaapia kwamba ni ileile. Siyo. Ile ya milimita 6 inaingia, inacheza, halafu ukikaza inatafuna nyuzi za ndani, kwa kuwa hatua zake ni za milimita 1 na za apareyi ni 1.27. Nyuzi zikishaliwa, apareyi haitafungwa tena kwenye miguu mitatu wala kwenye mpini wowote. Semeni wazi dukani: robo inchi, nyuzi 20. Au tafuteni miguu mitatu ya zamani iliyovunjika, mfungue visi yake. Visi ya kweli inaingia kwa ncha za vidole, bila turnevisi, mizunguko mitatu au minne, laini. Ikikataa kwenye mzunguko wa kwanza, msiisukume.

Urefu wake nao unahesabiwa. Tundu la apareyi si refu. Visi iingie milimita 5 hivi, isizidi. Ikiwa ndefu itagonga mwisho na inaweza kusukuma ukuta wa ndani. Pimeni kina cha tundu kwa kijiti cha kiberiti ambacho hakijawashwa: kiingizeni taratibu, wekeni alama kwa ukucha, kisha mlinganishe na rula. Tuseme kibao chenu kina unene wa milimita 15, na mmechimba kishimo cha milimita 5 chini yake ili kichwa cha visi kijifiche. Mbao inabaki 10. Ongezeni 1 ya rondela, 1 ya mpira wa juu, na 5 za kuingia ndani. Jumla 17. Visi ikiwa ndefu inakatwa kwa msumeno wa chuma. Kabla ya kukata, zungusheni nati juu yake. Mkiitoa baadaye inasafisha nyuzi zilizokwaruzwa na msumeno.

Ili kujua mahali pa kutoboa, wekeni karatasi chini ya tumbo la apareyi na msugue kwa penseli mpaka umbo la tundu na la mlango wa batri litokee. Bandikeni karatasi hiyo juu ya kibao. Toboeni kwa keke ya milimita 7. Pale mlango wa batri ulipo, kateni kibao na kuacha nafasi. Wengine wanauacha umefunikwa wakisema watafungua visi kila batri ikiisha. Ngojeni batri iishe bibi arusi akiwa mlangoni, mtajua. Kama hamna keke, mlipeni seremala kwa mashimo mawili tu, la visi na la kichwa chake, na kazi nyingine fanyeni wenyewe. Tena nendeni na binti zenu. Si vibaya wakiona mama yao anaagiza kazi kwenye atelye na kujua anachokitaka.

Kijiti cha mbele kikatwe ili nyuzi za mti ziende juu na chini, kama kwenye mpini wa jembe. Zikienda kando, kitavunjika siku ya kwanza mtoto akiikalia. Kisifike juu kabisa; kiishie chini ya kitufe kwa upana wa kidole kimoja. Angalieni pia kisiguse duara la lenzi likizunguka, wala kisizibe ile taa ndogo ya mbele. Kwanza kichongeni kwa kisu na tupa la mbao mkiangalia mfano wa udongo, mkijaribu mkononi kila baada ya dakika chache, macho yakiwa yamefumbwa. Mbao ikishaondoka hairudi, kwa hiyo tangulizeni uvivu kidogo. Kikikaribia umbo, kigundisheni kwenye ukingo wa mbele wa kibao kwa kole ya mbao, mkifunga kwa utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli uliovutwa sana. Acheni siku nzima. Kisha ongezeni visi mbili ndogo za mbao kupitia mbele, vichwa vizame, na mashimo yazibwe kwa unga wa mbao uliochanganywa na kole. Kole peke yake haitoshi kubeba apareyi.

Msasa: wa namba 80, halafu 120, halafu 240. Hapo mikono yenyewe itawaambia. Juu ya kibao gundisheni kipande cha mpira uleule wa baiskeli, ili apareyi isizunguke na isikwaruzwe.

Kuhusu kupaka, najua mtauliza kama mawese yanafaa, kwa kuwa yako jikoni. Hayafai. Mawese hayakauki kamwe kwenye mbao. Yatanata, yatanuka, na yatapaka gauni la bibi arusi. Verni inakauka, lakini inarudisha utelezi uleule tuliokuwa tunaukimbia. Mafuta ya kitani ndiyo mazuri, au nta ya nyuki iliyosuguliwa kwa kitambaa. Mkitumia ya kitani, kitambaa chake msikikunje na kukitupa pembeni ya nyumba: yakikauka yanatoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Kilowesheni maji, au kitandazeni nje kwenye jiwe.

Mpini hauondoi kamba. Toboeni tundu dogo chini ya kijiti, mpitishe kamba ya ngozi ya viatu vya zamani au kitenge kilichosukwa, na ikae kwenye kiwiko cha mkono kila mara, hasa mkiwa juu ya moto kwenye barabara zetu hizi zenye kupanda na kushuka.

Yule mama wa Kadutu ameshamaliza udongo na amepata kipande cha libuyu. Mwenye visi ya kweli ya robo inchi kutoka miguu mitatu iliyovunjika aje nayo kwenye mkutano wa Jumamosi, atamsaidia. Wengine wenye apareyi waje na karatasi na penseli, tutachora matumbo yao pamoja.

Visi ikazwe kwa turnevisi fupi, lakini kwa vidole viwili tu, si kwa nguvu za bega. Na kila kabla ya kazi iguseni: wakati wa jua kali, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, mbao inasinyaa kidogo na visi iliyokuwa imekazwa vizuri wakati wa mvua inaanza kulegea.