Kabla ya kulaumu miguu, tazama boksi

Kipa akichanika glovu, benchi lina jozi nyingine. Mwendesha baiskeli akifika kwenye mashindano akakuta ringi imepinda, kwake mchezo umekwisha kabla ya filimbi. Halafu sisi mashabiki tunasema kijana hana miguu!

Mwaka 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza Afrika. Vijana wetu wameona, wametamani. Lakini magurudumu yao bado yanasafirishwa kwenye viroba, ndani ya buti la basi, yamelaliwa na gunia la viazi. Hapo unategemea medali?

Viongozi wa klabu wataimba ule ule: hakuna bajeti. Jamani, boksi nalo linataka mfadhili? Maduka hupokea baiskeli mpya ndani ya maboksi magumu, wakishazitoa maboksi hayana kazi. Nendeni mkaombe. Gurudumu la mbio likiwa na tairi lina kipenyo cha kama sentimita 70. Kateni boksi, mlikunje upya liwe 75 kwa 75, kina 20. Ekseli kama inachomoka, ichomoeni. Zibeni ncha za habu kwa kadibodi ngumu, maana ndizo hutoboa boksi. Kisha jazeni magazeti gurudumu lisicheze, hata hili mnalosoma, mkishalimaliza.

Ni kazi ya nusu saa tu. Ikitushinda hiyo, tumwache kijana wa watu. Aliyefungwa ni kiongozi wake, tena nyumbani, kabla basi halijaondoka.