Subira si Kunyamaza



Wapenzi wasomaji, wiki hii tungependa tuzungumzie mzigo usioonekana begani, ilhali umewaelemea wengi katika majumba yetu: msongo wa mawazo.

Natumtazame mama mmoja ambaye hatumtaji jina, kwani hapana mtaa wa Mombasa usiokuwa naye. Huamka kabla ya adhana ya alfajiri, akapika chai, akawatayarisha watoto, kisha akawahi feri ya Likoni na matatu hadi kiwandani. Huko hushona kutwa nzima huku msimamizi akimhesabia vipande. Hurudi magharibi ikiingia, miguu imemvimba, na nyumbani anangojewa na vyombo vya asubuhi, chakula cha usiku, na mavyaa anayeuliza mbona amechelewa. Mtoto akimwaga kikombe cha maji, mama humfokea kwa sauti ambayo mwenyewe huishangaa. Usiku hulia, akijiona mama mbaya. Kwa hakika, mtoto yule amelipishwa deni la msimamizi.

Mwenyezi Mungu ameuumba mwili wa binadamu na uwezo wa kujihami. Tunaposhtuka, tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, na sukari huzidi katika damu ili tupate nguvu za kukimbia au kupambana. Hatari ikipita, mwili hutulia. Lakini maneno ya msimamizi, deni la dukani na karo ya shule havipiti upesi kama nyoka apitavyo njiani. Mwili ukikesha hivyo siku baada ya siku, usingizi hupotea, kichwa huuma, tumbo huchafuka na hasira huwa karibu. Mtaalamu Hans Selye, ambaye mwaka 1936 alichapisha utafiti wake juu ya jambo hili, alieleza kuwa mwili kwanza hushtuka, kisha hustahimili, na mwisho huchoka. Nalo Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, liliutaja uchovu mkuu unaotokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa kuwa ni hali inayohusiana na kazi.

Mama huyu akithubutu kusema, aghalabu hujibiwa: "Subiri, mwanangu. Nasi tulisubiri." Neno hili hutoka katika vinywa vya watu wanaompenda, na subira ni katika sifa kubwa za muumini. Hata hivyo, tunahofia kuwa tumeifanya subira kuwa kifuniko cha chungu kinachochemka. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akimuomba Mola wake amkinge na wasiwasi, huzuni na kuelemewa na madeni. Ikiwa yeye aliyataja mazito hayo waziwazi, ni vipi dada yetu aambiwe kuwa kuyataja ni upungufu wa imani? Na Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Basi mume anayeosha vyombo hajapungukiwa na heshima yoyote.

Twapendekeza mambo manne.

Kwanza, mzigo utajwe na ugawanywe. Siku ya Ijumaa, familia ikae pamoja na kuandika kazi zote za nyumbani katika karatasi moja, pamoja na jina la anayezifanya. Nyumba nyingi zitastaajabu kuona jina moja limejaza ukurasa. Hapo baba achukue sehemu yake, na watoto wa kiume wafunzwe kufagia na kupika kama dada zao.

Pili, pawe na kituo baina ya kazi na nyumba. Anayerejea, awe mke au mume, apewe robo saa atawadhe, asali, anywe maji na kupumua taratibu kabla ya kuulizwa lolote. Aliyeshikwa na ghadhabu akiwa amesimama, Mtume (S.A.W.) alimshauri aketi, na isipomtoka ajilaze. Mwili ukitulizwa, ulimi nao hutulia.

Tatu, mfanyakazi ajue haki yake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi kila baada ya miezi 12 ya utumishi. Mama aliyejifungua ana miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili, na baba ana wiki mbili. Kuomba kilicho chako kwa adabu na kwa maandishi si ukaidi. Nao ndugu zetu wenye maduka na makampuni wakumbuke kuwa mfanyakazi wao ni amana.

Nne, tujue wakati wa kutafuta tabibu. Mtu akikosa raha karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili, akipoteza hamu ya kula au usingizi, aende hospitali. Na akisema kuwa afadhali afe, asiachwe peke yake, wala isingojewe kesho. Tusikimbilie kusema kuwa ni jini au hasidi tukaishia hapo. Dua na dawa havigombani, na mwenye kusomewa Qur'ani bado aweza kumuona daktari.

Kwa mavyaa, kwa waume, na kwetu sote tulio wepesi wa kusema "subiri", tuna ombi moja. Jioni ya leo, atakaporudi aliyechoka, tusianze na swali la kwa nini amechelewa. Tumpokee mkoba, tumpe maji, kisha tumuulize siku yake ilikuwaje, na tumsikilize hadi amalize.

Mwenyezi Mungu azitulize nyoyo zetu na azijaalie nyumba zetu kuwa mahali pa kupumzika. Amin.