Herufi Moja katika Kitabu cha Ndoa



Juma lililopita, baada ya Misa ya asubuhi, alitujia ofisini binti mmoja wa parokia yetu akiwa na bahasha kubwa ya kaki. Ndoa yake tuliifungisha hapa hapa, mbele ya altare yetu. Mume wake ni raia wa Uingereza, naye alirudi huko kazini majuma matatu tu baada ya harusi; tangu siku hiyo ndoa yao inaishi ndani ya simu. Binti alizitoa karatasi zake, akazipanga juu ya meza, kisha akatuonyesha kwa kidole jambo ambalo hatukuwa tumeliona. Katika cheti cha ubatizo yeye ni Agnesi. Katika pasipoti ni Agnes. Katika shahada ya ndoa, iliyojazwa kwa mkono wetu wenyewe, ni Agness, kwa herufi mbili za mwisho. Akatuuliza: "Padre, mimi ni yupi kati ya hawa watatu?" Wala hakuwa anacheka.

Tulitamani kumlaumu katekista wa zamani, lakini herufi ile ya ziada ni ya kwetu. Tunaikumbuka siku yenyewe: kwaya inaimba nje, mpiga picha anahimiza, mashahidi wanagombea kalamu, nasi tukaandika jina kwa kulisikia badala ya kulisoma katika pasipoti. Kazi ya dakika moja. Sasa dakika ile inamgharimu mtu safari za ofisini, nauli, na usingizi.

Ndiyo maana juma hili tumeona vema tutafakari pamoja juu ya makaratasi haya ya viza ya mwenza. Wengine watasema hayo ni mambo ya mawakili, wala si ya padre. Hatukubaliani nao. Vijana wetu wanaooana na wageni, au na ndugu zetu waliokwisha kuchukua uraia wa nchi nyingine, wanapoambiwa wathibitishe kuwa wameoana, uthibitisho wenyewe hutoka wapi kama si katika vitabu vyetu? Kila nchi ina sheria zake. Sisi tutasema juu ya Uingereza, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ndani ya bahasha ile.

Yanayotakiwa ni mengi, ingawa hayana uchawi. Kuna pasipoti na shahada ya ndoa inayotambuliwa na sheria ya nchi ilikofungwa. Kuna cheti cha mtihani wa Kiingereza cha kusikiliza na kuzungumza, ngazi ya A1, kutoka kituo kilichoidhinishwa, isipokuwa kwa wachache waliosamehewa. Kuna cheti cha kupimwa kifua kikuu, ambacho anayeishi Tanzania au Kenya hana budi kuwa nacho, na ambacho hudumu miezi 6 tu. Kwa hiyo asikimbilie kupima kabla karatasi nyingine hazijakaribia kukamilika. Mama mjamzito aseme mapema kwamba ni mjamzito, maana ipo njia ya kumpima bila kumhatarisha mtoto. Na kila andiko la Kiswahili, hata cheti chetu cha ubatizo kama kitatumika, lifuatane na tafsiri ya Kiingereza yenye jina la mfasiri, saini yake, tarehe, anwani, na tamko lake kwamba tafsiri ni sahihi. Mjomba anayejua Kiingereza vizuri hatoshi asipoyaandika hayo.

Kisha huja upande wa mume aliye kule, nao ni upande wa fedha. Tangu tarehe 11 Aprili 2024, anayemwita mwenza wake chini ya utaratibu huu ametakiwa kuonyesha kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, isipokuwa awe anapokea baadhi ya posho za ulemavu au za kumtunza mlemavu. Kabla ya hapo, kuanzia Julai 2012, kiwango kilikuwa pauni 18,600. Asiye na mshahara huo aonyeshe akiba. Na kama ni akiba peke yake, ni pauni 88,500. Mwajiriwa wa kawaida ataleta hati za mshahara za miezi 6 na taarifa za benki za miezi ile ile, zikilingana senti kwa senti, pamoja na barua ya mwajiri. Bado ada: kwa viwango vya mwaka 2025, ombi lenyewe lilikuwa pauni 1,938, na tozo ya huduma za afya pauni 3,105 kwa kipindi cha kwanza cha miezi 33.

Hapa tutasema wazi maoni yetu. Serikali ina haki ya kulinda mipaka yake na kuuliza maswali, na hatuoni tusi lolote katika kuulizwa. Lakini mhudumu wa wagonjwa au mfagiaji wa ofisi anayefanya kazi halali usiku na mchana akaambiwa kwamba mshahara wake hautoshi kuishi na mke wake, hapo umoja wa ndoa umefanywa kuwa bidhaa yenye bei. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikubali kwamba kuweka kiwango cha kipato si kosa kisheria, lakini ikaikosoa Serikali kwa kutozingatia ipasavyo maslahi ya watoto. Kanisa nalo limesema lake. Mkataba wa Haki za Familia, uliotolewa na Kiti Kitakatifu mwaka 1983, unataja katika kifungu cha 12 haki ya wafanyakazi wahamiaji kuunganishwa na familia zao mapema iwezekanavyo. Sheria ya Kanisa inawadai wanandoa waishi pamoja, isipokuwa kwa sababu halali. Sasa mtu afanye nini, sheria moja ikimwamuru akae na mke wake na nyingine ikimwambia asubiri aongezewe mshahara? Hatuna dawa ya hilo, nasi tungekuwa wanafiki kuwapa maneno matamu.

Turudi kwenye yaliyo mikononi mwetu. Afisa anayesoma ombi hamjui binti wetu. Hakuwepo wazee walipopeleka barua ya posa, wala hakula pilau. Anataka kuona kwamba uhusiano ni wa kweli na kwamba wawili hawa wanakusudia kuishi pamoja. Wengi wetu tukisikia hivyo tunafikiria picha za harusi tu, tena zile zilizohifadhiwa katika CD ambayo hakuna kompyuta mtaani inayoweza kuifungua. Kumbe desturi zetu zina ushahidi mwingi tunaoutupa. Barua ya posa yenyewe, yenye tarehe na majina. Hati ya makubaliano ya mahari iliyosainiwa na pande mbili. Kadi za mwaliko. Daftari la michango la kamati ya harusi, ambamo tunaona nani aliahidi na nani alitoa (na nani aliahidi tu, lakini hayo tuyaache). Tiketi za safari, risiti za fedha alizotuma mume, orodha ya simu walizopigiana. Mazungumzo ya faragha ya mume na mke si lazima yamwagwe yote mezani kwa afisa. Kurasa chache zinazoonyesha kwamba wamekuwa wakizungumza mwezi hata mwezi zinatosha, na staha ya ndoa ikabaki kuwa staha. Simu zinapotea na kuibiwa. Anayengoja mpaka siku ya kujaza fomu ndipo aanze kuutafuta mwaka wake wa kwanza wa uchumba, mara nyingi haupati.

Kuna jambo la tarehe, na hili hutukia sana kwetu. Wapo waliooana kimila mwaka 2009, wakazaa, wakaishi vema, kisha wakaja kanisani mwaka 2018. Ukimwuliza mama ameolewa lini, atasema 2009. Ukisoma shahada ya ndoa, imeandikwa 2018. Wote wawili wanasema kweli. Asiyejua mila zetu, lakini, ataona uongo. Basi ielezwe kinagaubaga katika barua ya maelezo: tarehe ya mahari, tarehe ya kuanza kuishi pamoja, tarehe ya sakramenti. Msichague tarehe moja mkaificha nyingine kwa kudhani mnarahisisha.

Tena yupo aliyewahi kufunga ndoa zamani. Mjane ataleta cheti cha kifo cha mwenzake. Lakini yule aliyepata tamko la ubatili wa ndoa kutoka mahakama ya Kanisa asijidanganye kwamba tamko hilo linamfungua mbele ya Serikali. Kama ndoa ile ya kwanza ilisajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika vitabu vya nchi bado ipo mpaka mahakama ya nchi itamke vinginevyo, baada ya shauri kupita katika baraza la usuluhishi la ndoa. Na kinyume chake vilevile: talaka ya mahakama ya nchi haimfungui mtu mbele ya altare. Tumeona machozi ofisini kwetu kwa kutolijua hili, tena machozi ya mtu ambaye hakukusudia kumdanganya yeyote.

Tumefika sasa kwenye neno linalotuuma zaidi. Si mara moja tumeombwa, kwa heshima zote, tuandike barua yenye tarehe ya nyuma. Mzee mmoja wa ukoo alitwambia: "Padre, ni mwaka mmoja tu, nani atajua?" Alitaka ndoa ya mjukuu wake ionekane kongwe kidogo, ili afisa aamini. Tulimheshimu mzee, tukamkatalia. Tukimwandikia yeye uongo mmoja wa huruma, kila ukurasa mwingine wa kitabu kile unakuwa wa kutiliwa shaka, pamoja na ukurasa wa binti wa bahasha, ambaye ndoa yake haina kasoro isipokuwa herufi moja. Muhuri wa parokia ni mali ya wote walioandikwa humo. Isitoshe, uongo ukigundulika katika ombi la viza, ombi hukataliwa, na doa hilo humfuata mwombaji katika maombi yake yajayo. Mzee aliondoka amenuna, na hadi leo akipeana nasi mkono wa amani huutoa upesi upesi.

Lakini tunaokataa kuandika uongo tuna deni la kuandika ukweli kwa uangalifu. Hapo ndipo tunapojihukumu. Kwa wengi waliozaliwa vijijini, kitabu cha ubatizo ndicho andiko la kwanza duniani lililobeba jina lao. Hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Wakikiomba ukubwani kwa RITA, cheti cha ubatizo ni mojawapo ya viambatisho vinavyowasaidia. Bila cheti cha kuzaliwa ni vigumu kupata pasipoti, na bila pasipoti hakuna viza ya mwenza. Mnyororo wote huo umening'inia kwenye mwandiko wa katekista aliyekuwa akiandika kwa taa ya chemli, akiuliza jina mara moja tu kwa sababu foleni ya watoto ni ndefu. Hatumlaumu. Sisi tuna umeme, na bado tulikosea.

Kwa hiyo, tangu Jumapili ijayo, wachumba wanaoandikisha ndoa walete pasipoti au kitambulisho cha Taifa pamoja na cheti cha ubatizo siku ile ile ya kwanza, ili majina yalinganishwe mapema. Sheria ya nchi inadai taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa, na matangazo yetu ya kanisani nayo yana majuma yake. Muda wa kusahihisha upo, tusiuache mpaka asubuhi ya harusi. Maharusi wataisoma shahada neno kwa neno kabla ya kusaini, hata kwaya ikichoka kungoja. Na wale wenye majina mawili matatu katika karatasi zao, waje Jumanne au Alhamisi, saa 3 hadi saa 6 mchana, kabla hawajahitaji.

Binti yetu tumemwandikia barua ya kukiri kwamba kosa ni la ofisi ya parokia, na wakili amemwapisha hati ya kiapo kwamba majina yale matatu ni ya mtu mmoja. Kuisahihisha shahada yenyewe si kazi ya kalamu ya paroko, hivyo suala limepelekwa kwa Msajili. Katika kitabu cha ubatizo hatufuti kitu. Kwa idhini ya ofisi ya Askofu tutaandika pembeni. Ijumaa anakwenda kupimwa kifua. Katekista amekwisha kutoa kabatini vitabu vya ubatizo vya miaka ya 1980, naye anavipitia ukurasa kwa ukurasa. Jana jioni alikuwa amefika herufi C.