Damu ya kitovu inaponya, lakini mtoto wa kambini anangoja penisilini

Mzazi mwenye mtoto wa SS akisikia kwamba damu ya kitovu inaponya, hasikii uongo. Mwaka 1988, huko Paris, kwenye hospitali ya Saint-Louis, profesa Eliane Gluckman na wenzake walimtia mvulana mmoja kutoka Marekani damu ya kitovu cha dada yake mchanga. Mvulana huyo alikuwa na ugonjwa wa Fanconi, unaoharibu uboho. Alipona. Tangu hapo watoto wa SS nao wamepona kwa njia hiyo, hasa damu inapotoka kwa ndugu wa tumbo moja.

Lakini mambo ya nyuma ya pale hayasemwi sana. Kwanza dawa kali zinafagia uboho wa mgonjwa, anabaki karibu bila ulinzi. Damu ya kitovu ni kidogo, chembe zake ni changa, nazo zinachelewa kuota: majuma matatu au manne hivi kabla chembe nyeupe za kwanza kuonekana vizuri. Kisha zinarudi zile zinazoitwa NK, ndani ya mwezi mmoja au miwili. Hizo zinaua chembe zenye virusi au kansa bila kungoja kufundishwa adui ni nani, na ndizo zinazoshika mlango. Ndugu zao, chembe za T, zinaweza kukawia miezi mingi, hata mwaka. Wakati huo wote, virusi ambavyo mtu mzima wa afya anabeba bila kujua vinaweza kumwua mgonjwa.

Sasa, miezi hiyo mtoto ataipitishia wapi? Chini ya bashi, kipindupindu kikizunguka, maji yakitafutwa mbali? Anayemwahidi mama mhami uponyaji wa haraka ajibu swali hilo kwanza, kabla ya kutaja bei.

Congo, pamoja na Nigeria na India, ni kati ya nchi tatu ambako wanazaliwa watoto wengi zaidi wa SS. Kukosa benki ya damu ya kitovu kunaeleweka. Kisichoeleweka ni kituo cha afya kukosa kipimo cha mtoto mchanga, chanjo ya pneumokoki, hidroksiurea, au penisilini ya kunywa, ambayo mtoto huyo anapaswa kupewa mara mbili kwa siku mpaka afikishe miaka 5. Serikali na mashirika yanayohudumia wahami waulizwe juu ya hiyo, hata leo.