Chatu wa Delacroix na mafuriko ya Kilombero

Ukiitaja hapa Ifakara rasimu ya Eugène Delacroix, Mfaransa wa mkondo wa ulimbwende, inayomwonyesha mungu Apolo akimpiga mishale joka Chatu, hoja za kuipuuza huja upesi. Sikubaliani nazo hata moja.

Ya kwanza hudai kwamba rasimu ni kazi nusu, na kazi yenyewe iko Paris, kwenye dari ya Ukumbi wa Apolo, Louvre. Dari hiyo, ya mita 8 kwa 7.5, ilikamilika mwaka 1851, na Delacroix alisaidiwa kuipaka na Pierre Andrieu. Rasimu ya mafuta iliyoko Makumbusho ya Van Gogh, Amsterdam, haifiki hata mita moja na nusu kwa urefu, lakini humo ndimo shauri lilimokatwa: juu, manjano ya jua nyuma ya gari la Apolo, chini, maji machafu na nyoka anayejipinda. Anayetaka kumfahamu mchoraji aanzie hapo.

Wengine husema ngano za Wagiriki na Warumi hazituhusu. Mwalimu Nyerere alikwisha kulijibu hilo mwaka 1963, alipochapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar.

Husemwa pia kwamba chatu hatemi moshi kama huyu wa pichani. Kweli, chatu wetu hukaba tu. Huyu ni zimwi la ngano, wala mchoraji hakukusudia somo la wanyama.

Hoja inayoniuma ni ile isemayo kwamba picha hii inatangaza mafuriko kuwa uovu, na kwamba bonde lililokaushwa ndilo lililookolewa. Nakiri kwamba Delacroix aliyaita mazimwi ya pichani mazao machafu ya tope, na pepo zake zinakausha maji. Lakini rudi kwa Ovid, mshairi wa Kirumi aliyeisimulia ngano hiyo. Gharika ilipopungua, jua lililipasha tope joto, nalo likazaa viumbe vya kila namna, kama linavyozaa tope la Mto Nile. Chatu alikuwa mmoja tu kati ya wengi. Mkulima wa bonde letu la Kilombero hahitaji kuelezwa hilo. Maji yanayoshuka kutoka milima ya Udzungwa hutandaa bondeni wakati wa masika, yakaacha rutuba ya mpunga, mazalia ya kambale na malisho ya sheshe. Ndiyo maana mwaka 2002 bonde hili, karibu kilomita za mraba 8,000, liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Zaidi ya hayo, katika maelezo aliyoyaandika mwenyewe kuhusu dari ile, Delacroix anasema wanawali wa mito wamerudi kwenye matete yao, na mtungi wao bado una tope. Anayeitumia picha hii kutetea ukaushaji wa mabonde ameisoma nusu: aliyeuawa ni joka, na mto umerejea mahali pake.